Kiti cha Bata

Miaka ile ya mwanzo wa themanini nilikuwa mwalimu wa nasari katika mtaa wetu wa nyumba za kanseli, yaani baraza la jiji, ng'ambo tu ya Ziwani. Nasari yenyewe ilikuwa ukumbi wa mtaa. Asubuhi watoto wangu waliimba humo, jioni vijana walifanya mazoezi ya ngumi, na Jumapili kanisa lisilo na jengo lilihubiri humo humo. Vitu vyangu vilikaa kwenye stoo: viti vidogo vya mbao, vikombe vya plastiki, ubao na mpira uliotoboka. Ufunguo wa stoo niliuvaa shingoni, na aliyetaka kiti ilibidi apitie kwangu. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliapa kwamba hawakujua vile viti vilitoka wapi. Mimi nilijua. Nilivitoa mwenyewe.

Kila kiti kilikuwa na picha kwenye egemeo lake, maana mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma jina lake lakini sungura anamjua. Picha hizo zilichorwa na binti wa jirani yangu, msichana wa kidato cha kwanza ambaye kila likizo alikuja kunisaidia kuosha vikombe na kufuta pua za watoto. Alikuwa na mkono mwepesi. Alichora samaki, kuku, tembo mwenye nyusi, na bata aliyekuwa akitazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Kiti cha bata ndicho watoto walichokikimbia kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Ukikaa vibaya kinakumwaga. Kila muhula nilisema nitakipeleka kwa seremala na kila muhula nikasahau.

Baba yake alikuwa dereva wa kanseli, mtu wa Ukambani, mpole mpaka ungedhani ni bubu. Mama yake alifuma sweta za shule kwa mashine. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta wa nyumba za kanseli unajua siri za watu wote. Nilisikia walipocheka na niliposikia hawacheki nilijua kuna jambo.

Likizo ya Agosti, jioni moja, msichana alitumwa dukani kununua mafuta ya taa. Njiani alikamatwa na kijana mmoja wa mtaani, mmoja wa wale waliomfuata diwani wetu kila mkutano, wakimbebea kipaza sauti na kuwasukuma watu warudi nyuma. Alimburuta kwenye jengo lililokuwa likijengwa nyuma ya ukumbi, akambaka.

Naliandika neno hilo sasa bila kusita. Wakati ule sikumsikia mtu hata mmoja akilitamka. Mama yake alilia akisema mtoto wake ameharibiwa, kama maziwa yaliyolala. Kwa kinyozi wanaume walisema amechezewa. Polisi aliyeandika taarifa alimwuliza, "Alikusumbua vipi?" Mama mmoja wa kanisa alisema ni majaribu. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilisema "lile jambo". Kila mtu alichagua neno ambalo mdomo wake uliweza kulibeba, na msichana alikaa kitandani nyuma ya pazia akiyasikia yote.

Kijana alikamatwa, kisha akatoka kwa dhamana kabla hata michubuko ya msichana haijapona. Aliyemdhamini alikuwa diwani. Jumapili iliyofuata diwani akaitisha mkutano uwanjani, na mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kusikia atasema nini. Alikuwa mtu mkubwa, mwili na sauti, mwenye koti ambalo vifungo vyake vilifanya kazi ngumu. Alizungumza juu ya mitaro, akazungumza juu ya taa za barabarani, kisha akashusha sauti kama baba anayezungumza na wanawe.

"Watu wangu," akasema, "kuna maneno yanazunguka hapa mtaani. Nataka tuyamalize. Hao ni vijana, damu inachemka. Hata nyinyi wazee mlikuwa vijana. Ilikuwa mchezo, ukapita mpaka kidogo. Msichana mwenyewe hata hakuvunjika mahali. Hilo ni jambo dogo. Tusilikuze. Tusiharibu jina la mtaa kwa jambo dogo."

Kisha mshereheshaji wake akaruka mbele na kupaza sauti: "Makofi ya kilo kwa mheshimiwa!" Na sisi tukapiga. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Uliambiwa kilo, ukapiga kilo, viganja vikawaka. Niliitazama mikono yangu ikipiga nikaichukia.

Baada ya mkutano ule wazee wakaanza kuja nyumbani kwa jirani yangu. Walikuja kwa upole, wakavua kofia, wakanywa chai. Familia ya kijana italeta mbuzi na kreti ya soda, watu wakae wale pamoja, na baba wa msichana aende kituoni aseme kesi ameiondoa. Hakuna aliyemtishia. Walimkumbusha tu kwamba nyumba ni ya kanseli, gari analoendesha ni la kanseli, na mheshimiwa ana kumbukumbu nzuri. Siku ikapangwa: Jumapili, siku itakayofuata ile harambee yetu ya kuchangia paa la nasari. Kupitia ukutani nilimsikia yule baba akisema, "Sawa." Nilimsikia akilisema mara moja tu.

Wazee walipoondoka, msichana akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mama, na huyo mbuzi, na mimi nitamla?"

Upande wangu wa ukuta niliweka chini kikombe nilichokuwa nacho. Mtoto alikuwa ameuliza swali la haki kabisa. Nyama ingepikwa kwenye sufuria ya mama yake, yule kijana angekaa kwenye kochi lao, na yeye angetarajiwa kuleta maji ya kunawa mikono.

Kesho yake nilimkuta mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake pale bombani tulipokuwa tukifulia. Alikuwa mama wa Kisumu, mjane, muuza samaki, mwenye kicheko kilichoweza kusikika mpaka kituo cha basi. Siku hiyo hakucheka. Nilimweleza habari ya mbuzi na swali la msichana. Akakamua shuka mpaka nikaionea huruma.

"Mwalimu," akasema, "hiyo harambee yako mgeni wa heshima si ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na viti vya kukalia wageni tunavitoa wapi?"

"Kanisani. Tunaazima vile vikubwa."

"Usiazime." Akatundika shuka. "Mheshimiwa anapenda mambo madogo. Mimi nitampa mambo madogo mpaka ashibe."

Mmoja wa wanawake waliokuwa pale akaanza kucheka, na mwingine, na kabla ya nguo kukauka mpango ulikuwa umekamilika. Mwingine atashona shada la maua. Mwingine atapika mandazi. Wote watapiga makofi. Kila kitu kitafanywa kwa adabu, kwa desturi, kwa heshima zote za harambee, ila kitakuwa kidogo.

Mimi nilicheka pamoja nao, lakini usiku sikupata amani. Mzaha huu ungejengwa juu ya mwili wa mtoto wa mtu. Tungecheka sisi, na yeye je? Wanaume wa kwa kinyozi nao walikuwa wakicheka. Nilijiambia kwamba asiposema ndiyo, nitaufunga ule mlango wa stoo na mwenyekiti akasirike akitaka.

Nilimkuta nyuma ya pazia amejikunyata, sahani ya ugali pembeni haijaguswa. Nikamweleza yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha kwamba ni maneno ya diwani juu yake tuliyotaka kumrudishia mwenyewe. Nikamwambia akikataa yataisha hapo hapo.

Mashine ya mama yake ilikuwa ikikwaruza upande wa pili wa pazia.

"Anti," akasema mwishowe, "mpe kile cha bata."

Tuliangaliana. Alikijua kile kiti kuliko mimi, maana ndiye aliyewaokota watoto kikiwamwaga. Sikumwuliza zaidi, na seremala sikumwita.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Diwani alifika na vijana wake, na yule kijana alikuwa miongoni mwao, amebeba kipaza sauti kama kawaida, shati jeupe, nywele zimechanwa. Baba wa msichana alikaa nyuma kabisa na madereva wenzake, kofia mapajani, macho sakafuni. Aliitwa kama mtu wa kanseli yeyote mwingine, na kwa vile kesho yake alitarajiwa kupokea mbuzi, asingeweza kukosa.

Mwenyekiti wetu akamlaki mheshimiwa mlangoni. Alimpigia magoti mpaka nikaogopa amezidisha. "Mheshimiwa, leo ni siku ya watoto," akasema. "Mgeni wetu wa heshima atakaa kiti cha mtoto, ili tuone moyo wake." Wanasiasa hawakatai kuonyesha moyo. Diwani akacheka, akapungia watu mkono, akajishusha kwenye kiti cha bata kwa uangalifu mkubwa. Magoti yakamfika kifuani. Watu wakashangilia, naye akashangilia pamoja nao. Kwa dakika hiyo alitupendeza hata sisi.

Kisha akavishwa shada. Shada la kawaida hushuka mpaka tumboni. Hili lilimwenea kwenye kifundo cha mkono. Mama aliyelishona akamfunga kwa heshima, akarudi nyuma akiinama. Ikaja chai, katika kikombe cha nasari, imejaa chini tu. Likaja andazi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, katikati ya sahani kubwa, kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Diwani alikifunua kile kitambaa, akakitazama kile kipande, na tabasamu lake likabaki peke yake usoni, macho yakiwa yameshaondoka.

Mshereheshaji, maskini, hakuwa ameambiwa. Akaruka mbele kama kawaida: "Makofi ya kilo kwa mheshimiwa!"

Na wanawake wote wa mtaa wakapiga kwa kidole kimoja kwenye kiganja. Sauti yake ilikuwa kama mvua inayoanza kwenye mabati halafu ikaghairi. Madereva wakaanza kuelewa. Mtu mmoja dirishani akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

Mwenyekiti wetu akasimama kutoa hotuba. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtoto wa shule anayekariri. "Mheshimiwa, tunakushukuru. Wewe ulitufundisha pale uwanjani tusiyakuze mambo. Sisi wanawake ni wazito wa kuelewa, lakini tumejaribu. Kiti ni kidogo. Maua ni madogo. Chai ni kidogo. Hata harambee yetu tutaichanga kidogo kidogo, tusije tukaharibu jina la mtaa."

Hapo ukumbi ukapasuka. Nimesikia vicheko vingi Eastlands, vya arusi, vya mpira, vya ulevi. Hicho kilikuwa kingine. Kulikuwa na wanawake waliocheka huku machozi yakiwatoka, na mmoja wao, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili na hakuwa akicheka hata kidogo. Nilimtazama nikaelewa kwamba yeye naye alikuwa na lake, la zamani, ambalo mtu fulani aliwahi kuliita dogo.

Diwani alijisukuma kwa ghafla ili asimame. Kiti cha bata hakikupenda mambo ya ghafla. Mguu ulitoka, na mheshimiwa akaenda chini kwa makalio, shada mkononi, chai kifuani. Vijana wake wakamkimbilia wakamwinua. Kicheko kikakatika mara moja, kwa kuwa sasa uso wake ulikuwa mbaya.

"Nani ameleta hiki kiti?" akanguruma. "Mnanichezea? Mimi? Mnanidharau mbele ya watu! Hili jambo halitaisha hivi! Nauliza, nani ameleta hiki kiti?"

Kila mtu alijua ufunguo uko shingoni mwa nani. Niliusukuma ufunguo ndani ya blauzi. Nasari ilikuwa ya kanseli, chumba changu kilikuwa cha kanseli, na nilikuwa na mama yangu mgonjwa nyumbani aliyetegemea mshahara huo.

Ndipo kule nyuma mtu akasimama. Alisimama polepole, akaweka kofia yake kwenye benchi. Alikuwa baba wa msichana. Sidhani kama watu wengi mle ukumbini walikuwa wamewahi kusikia sauti yake.

"Pole, mheshimiwa," akasema. "Lakini hata hujavunjika mahali."

Hakupaza sauti wala hakuwa akimkejeli. Aliyasema kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Hakuna aliyecheka. Diwani alimtazama, akamtambua, na niliona alivyokumbuka maneno hayo aliyasema wapi na juu ya nani. Angesema nini? Akisema limemwuma, amekiri kwamba lile halikuwa jambo dogo. Akisema halikumwuma, basi na akae.

Yule baba akawageukia wazee waliokuwa mstari wa mbele, wale wa kofia na chai. "Na kesho," akasema, "mbuzi asije kwangu."

Akachukua kofia yake akatoka. Yule kijana wa kipaza sauti alikuwa amesimama karibu na mlango, na alimpisha njia.

Nilimfuata mbio, nikawahi kufika nyumbani kabla yake kwa sababu yeye alitembea kama mtu aliyebeba kitu kizito. Msichana alikuwa amesimama katikati ya chumba, nje ya pazia, mara ya kwanza kumwona hapo tangu Agosti.

"Alikaa?" akaniuliza.

"Alikaa. Akaanguka."

Hakutabasamu. Nilimweleza alivyosema baba yake. Akanitaka nirudie. Nikarudia. "Baba alisema hivyo? Mbele ya watu? Kwa mdomo wake?" Nikarudia tena, na nilikuwa bado narudia baba yake alipoingia. Akasimama mlangoni hajui afanye nini na mikono yake. Msichana akaenda jikoni, pale pembeni palipo na jiko la makaa, akampakulia ugali, akajipakulia na yeye. Wakala pamoja. Mama yake alizima mashine akaenda nje kulia, nami nikaenda naye.

Diwani hakusahau, wazee hawakusema uongo. Mwezi haukuisha kabla jirani yangu hajatolewa kwenye gari la maofisa akapewa lori la takataka, kutwa kucha kati ya masoko na jaa la Dandora. Mimi nilipewa barua ya kukemewa kwa kutumia vibaya viti vya nasari, na harambee ya paa ikafa. Watoto wangu waliendelea kunyeshewa upande wa kusini wa ukumbi. Siwezi kusema tulishinda. Ila ninachokumbuka ni jioni, lori lilipomshusha kona ya barabara akinuka jaa lote, watoto wakimkimbia na kuziba pua, na binti yake akitoka na karai na sabuni mpaka bombani, mbele ya mtaa mzima, saa ile ile ambayo hapo awali hakuthubutu kutoka nje. Alimmwagia maji mikononi. Walizungumza huko, sijui nini, na mara nyingine nilimsikia yule bubu akicheka.

Kesi ilisikilizwa baada ya mwaka mpya. Kijana alifungwa, na kifungo kilikuwa kifupi kuliko hasira yangu. Hukumu nimeisahau maneno yake. Ninachokumbuka ni msichana akiwa kizimbani na sweta aliyofumiwa na mama yake, na wakili wa yule kijana, mtu mwenye sauti laini, akimzunguka kwa maswali. Aliuliza kama alipiga kelele, kama walikuwa wakifahamiana, kama hawakuwahi kutaniana dukani. Msichana alijibu yote. Alilitumia lile neno ambalo mtaa mzima ulishindwa kulitamka, akalitumia kila lilipohitajika.

Mwishowe wakili akainua karatasi ya hospitali. "Daktari hakuona mahali popote palipovunjika," akasema. "Si kweli? Hukuvunjika mahali."

Nilimshika mama yake mkono. Mbele yetu niliona mabega ya yule baba yakikakamaa.

Msichana alifikiri. Alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila swali.

"Mfupa, hapana," akasema.

Hakimu aliinua kichwa, akamtazama, kisha akainama akaandika.